Upepo Hadi Kitovuni: Kufunga Mabomba ya Kupozea Breki kwenye Gari la Mashindano

Mwezi Agosti 2020 timu ya Racing Point ya Formula 1 ilitozwa faini ya yuro 400,000 na kupokonywa pointi 15 katika ubingwa wa watengenezaji. Hakuna injini iliyochezewa, wala petroli iliyochanganywa na kitu. Kesi nzima ilihusu njia za hewa za breki za nyuma, ambazo waamuzi waliridhika kwamba zilitokana na michoro ya gari la Mercedes la mwaka uliotangulia. Waliolalamika walikuwa Renault. Asiyefuatilia mbio za magari anaweza kuuliza: ugomvi wote huo kwa ajili ya matundu ya kupitisha upepo? Fundi aliyewahi kupokea gari lililotoka uwanjani, pedi zikinuka kuungua na dereva akilalamika kwamba pedali imezama hadi sakafuni, hana haja ya kuuliza.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la kawaida aliyeamua kulikimbiza uwanjani. Mfano utakaotumika zaidi ni Subaru Impreza, hasa WRX na STI, gari ambalo mafundi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanalijua nje ndani. Injini yake ya boksa imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo uzito mwingi uko puani na breki za mbele ndizo zinazobeba mzigo. Magari mengine yatatofautiana kwa boliti na vipimo, lakini kanuni ni ile ile. Kukata bampa na kuvuta bomba ni kazi nyepesi. Kinachoamua kama jasho limelipa ni sentimita 20 za mwisho, pale bomba linapokutana na diski, na hapo ndipo kazi nyingi za gereji huharibika.

Chukua gari lenye kilo 1,500 pamoja na dereva na mafuta. Linafika mwisho wa sehemu iliyonyooka likiwa kwenye kilomita 180 kwa saa, dereva anakanyaga breki, linaingia kona kwa kilomita 80. Katika sekunde hizo tatu au nne, nishati ya mwendo inayopotea ni takriban kilojuli 1,500, ambayo ingetosha kuchemsha karibu lita tano za maji ya bomba. Upepo na injini huchukua sehemu yao. Inayobaki huishia kwenye breki. Breki za mbele zikibeba asilimia 70, kila diski ya mbele hupokea kilojuli 450 hivi, na diski ya kilo 9 ya chuma cha kusubu hupanda zaidi ya nyuzi 100 kwa kona hiyo moja. Uwanja wenye kona tano za namna hiyo hauipi diski nafasi ya kupumua. Joto huongezeka mzunguko baada ya mzunguko mpaka linalotoka lilingane na linaloingia. Bomba la hewa haliwezi kupunguza joto linaloingia. Linachofanya ni kuharakisha linalotoka, ili ulingano huo upatikane kwenye nyuzi 500 badala ya 700.

Diski ya mbele ya gari la mwendo kasi ina sahani mbili zilizoungwa kwa mbavu katikati. Gurudumu linapozunguka, mbavu hizo hufanya kazi ya feni: huvuta hewa kutoka katikati, upande wa ndani karibu na habu, na kuitupa nje kwenye ukingo. Hewa ya bomba basi inatakiwa ifikishwe kwenye kitovu cha diski, mahali ambapo feni yenyewe inavutia. Ikipulizwa ubavuni itapoza uso wa ndani tu; uso wa nje utabaki na moto wake, chuma kitajikunja kwa tofauti hiyo ya joto, na nyufa zitaanza mapema. Ikimwagwa tu ndani ya madigadi, itapoza matope tu.

Jambo moja la kuangalia hapa kabla ya kununua chochote. Baadhi ya diski zina mbavu zilizopinda, na za kushoto haziendi kulia. Zikifungwa sawasawa, gari likienda mbele, ncha za nje za mbavu hubaki nyuma ya mzunguko. Aliyezifunga kinyume ameidhoofisha feni yake mwenyewe, na hakuna bomba, liwe la inchi ngapi, linaloweza kumwokoa.

Kabla msumeno haujagusa bampa, jua ugonjwa. Pedali ikiwa laini na kuzama, mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa na kutoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke hubanwa. Pedali ikiwa ngumu lakini gari linaendelea kwenda, pedi zimevuka kiwango chake cha joto. Usukani ukitetemeka wakati wa kufunga breki, wengi hukimbilia kusema diski imepinda, ilhali mara nyingi pedi ndizo zilizoacha tabaka lisilo sawa juu ya uso wake. Maradhi hayo matatu yote ni ya joto, lakini mawili ya kwanza yanaweza kupona kwa dawa ya bei nafuu zaidi.

Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yaliyotengenezwa kwa mashindano huvuka 300 yakiwa mapya. Mwenye gari wa Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa yenyewe imejaa maji, asitumie chupa iliyofunguliwa mwaka jana hata kama imebaki nusu. Na DOT 5, isiyo na ile nukta moja, ni mafuta ya silikoni: hayachanganywi na hayo mengine wala hayafai kwenye mfumo wa ABS. Mfanano wa majina haya umeponza wengi dukani.

Kwa hiyo anza na mafuta mapya ya kiwango cha juu na pedi za uwanjani. Kwa gari jepesi huenda safari ikaishia hapo. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989 ikiwa na uzito wa karibu tani moja tu, mara nyingi humaliza siku nzima ya uwanjani kwa mabadiliko hayo mawili. Impreza yenye injini iliyoongezwa nguvu ni habari nyingine.

Kisha pima. Wapimaji wa mashindano hutumia rangi maalumu za joto zinazopakwa vidoti kwenye ukingo wa nje wa diski, na kila rangi hugeuka mara moja tu, ikifika nyuzi zake: ya kijani kwenye 430, ya machungwa kwenye 560, nyekundu kwenye 610. Gari likirudi, fundi husoma rangi zilizogeuka na kujua diski ilifika wapi kule uwanjani, hata kama sasa imepoa. Hili ndilo linaloshinda kipimajoto cha miale ambacho watu hukielekeza kwenye gurudumu pale pitini. Kipimo hicho husoma joto la sasa, baada ya mzunguko mzima wa taratibu, na kinaweza kukosa nyuzi 200 nzima. Kwenye kalipa bandika stika za joto, kwa sababu kalipa ndiyo inayoeleza hali ya mafuta.

Ikigeuka ya kijani peke yake na pedali bado inazama, tafuta kasoro kwenye mafuta au kwenye pistoni ya kalipa iliyokwama. Ikigeuka na ile rangi nyekundu, endelea kusoma.

Kuna njia nyepesi kuliko bomba, nayo haistahili kudharauliwa. Porsche 911 GT3 hutumia bawa la plastiki lililofungwa kwenye mkono wa chini wa sospensheni. Bawa hilo hukinga upepo unaopita chini ya gari na kuusukuma kuelekea kwenye breki, na kwa kuwa linapanda na kushuka pamoja na mkono, haligombani na usukani. Wenye Boxster na Cayman wamekuwa wakinunua mabawa hayo ya GT3 na kuyafunga kwenye magari yao. Kwa gari la kazini Jumatatu na uwanjani Jumamosi moja moja, bawa la namna hiyo linatosha. Kwenye barabara zenye matuta, hata hivyo, ndilo litakalokuwa la kwanza kung'oka.

Anayeamua kufunga bomba aanze na mdomo. Hewa inaingia kwa hiari mahali penye msukumo mkubwa, yaani uso wa bampa unaotazama mbele, na msukumo huo hupungua kadiri bampa linavyopinda kuelekea ubavuni. Hahitaji vyombo vya maabara kupatambua: gari likirudi kutoka safari ya usiku, wadudu waliogandamana kwenye bampa wataonyesha upepo ulipokuwa ukigonga kwa nguvu. Kwenye Impreza mahali pa asili ni matundu ya taa za ukungu. Baadhi ya STI zilitoka kiwandani zikiwa na vifuniko vya plastiki mahali pa taa hizo, hivyo hakuna hata cha kukata. Isitoshe, intakula ya WRX na STI imekaa juu ya injini na kupata hewa yake kupitia pua ya boneti. Tundu la taa halimnyang'anyi mtu kitu. Aliyehamishia intakula mbele ya rejeta aangalie mara mbili asije akapoza breki na kuchemsha injini.

Mdomo uwe na kingo za mviringo. Ukingo mkali huvunja upepo mlangoni na kuufanya uzunguke badala ya kuingia. Nyuma ya mdomo pasiwe na mwanya, kwa maana hewa iliyopewa nafasi ya kukwepea nyuma ya bampa haitahangaika kupita kwenye bomba lenye kona. Plastiki, faibaglasi au alumini, vyote vinafaa. Kilicho muhimu ni shingo ya kufungia bomba iwe ndefu vya kutosha kushika klampu.

Upana wa bomba huzua mabishano. Bomba la inchi 3 lina eneo la sentimita za mraba 45 hivi, na la inchi 2.5 lina 32. Nusu inchi inayoonekana ndogo dukani inaongeza njia ya hewa kwa zaidi ya asilimia 40. Chukua la inchi 3 ikiwa linapita. Lakini bomba la inchi 2.5 lililonyooka linashinda la inchi 3 lililobanwa na tairi hadi likawa bapa. Mikunjo ya ndani ya bomba nayo hula upepo, kwa hiyo livutwe hadi linyooke, na kipande kisichohitajika kikatwe.

Kuhusu malighafi, kuna aina mbili zinazofaa. Bomba jeusi la neoprini lililofumwa juu ya faibaglasi huvumilia nyuzi 150 hivi, na la silikoni, ambalo kwa kawaida ni la rangi ya machungwa, hufika zaidi ya 250. Yote mawili yana waya uliosokotwa ndani ili yasibonyee. Mwenye bajeti finyu anaweza kutumia jeusi kutoka kwenye bampa hadi ndani ya madigadi, na silikoni kwa kipande cha mwisho karibu na diski. Lile bomba la karatasi ya alumini linalouzwa kwa ajili ya kutolea hewa jikoni liachwe jikoni. Halidumu siku moja ya kutikiswa, na likichanika vipande vyake vinaelekea moja kwa moja kwenye breki.

Sasa gari lipandishwe jeki na kukalishwa juu ya stendi, magurudumu ya mbele yatolewe, na plastiki ya ndani ya madigadi ifunguliwe. Kabla ya kukata kitu, mshike msaidizi mmoja akae kwenye usukani. Azungushe kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho, huku fundi akishikilia bomba katika njia anayoikusudia na kutazama linapogusa. Kisha sospensheni ipandishwe kwa jeki ya pili hadi juu kabisa na mazoezi yale yale yarudiwe. Bomba linalopita salama gari likiwa limening'inia linaweza kusagwa na tairi siku gari litakapolala kwenye kona huku usukani umekatwa. Tairi la mashindano mara nyingi ni pana kuliko lile la kila siku. Jaribu kwa lile pana.

Impreza ina tatizo lake la ziada, ambalo ni la gari lolote linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele au yote manne: shafti ya gurudumu inazunguka hapo hapo ambapo bomba linataka kupita. Kuna tairodi, kuna mpira wa breki, kuna waya wa sensa ya ABS. Njia inayoelekea kufaulu hupita mbele ya shafti, ikitoka kwenye bampa kupitia tundu la chini la plastiki ya madigadi, na kuifikia habu kwa upande wa mbele. Bomba lisiguse buti ya mpira ya shafti. Buti ikitoboka grisi yote inarushwa, na baadhi yake itatua kwenye diski. Lisifungwe kwenye mpira wa breki hata kwa muda. Sehemu ya kwanza ifungwe imara kwenye bodi kwa klampu za chuma zenye kitambaa cha mpira, sehemu ya pili iachiwe ulegevu wa kutosha kufuata usukani, na hakuna fundo jingine katikati. Vibano vya plastiki vinayeyuka karibu na habu. Tumia vya chuma kisichoshika kutu.

Tumefika kwenye zile sentimita 20. Magari mengi huwa na bati jembamba nyuma ya diski, bati la vumbi, lililofungwa kwa boliti kwenye nako, kile chuma kinachobeba gurudumu. Kazi yake barabarani ni kuzuia maji na changarawe. Uwanjani linaziba kitovu na kufungia joto ndani. Mahali pake panawekwa sahani mpya yenye shingo ya kupokelea bomba, na sahani hiyo ndiyo moyo wa mradi mzima. Kwa magari maarufu zinauzwa zikiwa tayari. Kwa mengine, fundi bati mzuri anaweza kuitengeneza kwa alumini ya milimita 2 au chuma kisichoshika kutu, akitumia bati la zamani kama kielelezo cha matundu ya boliti.

Sahani hiyo izibe duara la ndani la diski, lile tundu ambalo feni inavutia, na ukingo wake uikaribie diski kwa milimita 3 hadi 5. Ikiwa mbali, hewa itatoroka ubavuni badala ya kuingia kati ya mbavu. Ikiwa karibu mno, beringi yenye mchezo kidogo itaifanya isage diski na kupiga kelele ambayo dereva ataitafuta wiki nzima. Shingo ielekee mbele na chini kidogo kadiri njia inavyoruhusu, isililazimishe bomba kukunja kona kali hatua ya mwisho, mahali ambapo upepo umeshapoteza nusu ya nguvu yake. Ziachie nafasi sensa ya ABS na kalipa. Usichomelee chochote kwenye nako: moto wa kuchomelea hubadilisha uimara wa chuma kinachobeba gurudumu.

Kwenye magari mengi bati la vumbi limekaa nyuma ya habu, na kulitoa zima kunadai kuifungua habu na pengine kuharibu beringi. Wengi hukata bati palepale kwa mkasi wa bati, na hilo halina ubaya. Wapo pia wanaoliacha, wakatoboa tundu karibu na kitovu, na kupiga riveti shingo ya alumini juu yake. Ni suluhisho la kiungwana kwa bajeti ndogo, ilimradi bati lenyewe halijaliwa na kutu. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa wakati wa kazi hii. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa.

Magurudumu yakisharudi, zungusha usukani tena mwisho hadi mwisho, safari hii gari likiwa chini. Liendeshwe barabarani polepole, lipite kwenye tuta, kisha likaguliwe. Kupaka chaki kwenye sehemu za bomba zilizo karibu na tairi kunasaidia, kwani palipofutika ndipo palipogusa. Uwanjani mizunguko mitatu ya kwanza iwe ya wastani, gari liingie pitini, likaguliwe tena. Baada ya hapo ndipo vidoti vipya vya rangi ya joto vipakwe na dereva aachiwe akimbie kama alivyokimbia siku ya kipimo cha kwanza, kwa pedi zile zile na tairi zile zile. Asiyelinganisha hivyo atabaki kuamini kwamba breki zake zimepoa kwa sababu ametumia pesa.

Breki zinaweza pia kupoa kupita kiasi. Pedi za mashindano hazishiki vizuri zikiwa baridi, na dereva anayezikanyaga kwa mara ya kwanza kwenye kona ya kwanza hupata mshangao. Timu za mbio hufungua na kufunga midomo ya hewa kulingana na uwanja na hali ya hewa, na chombo chao kikubwa ni mkanda wa gundi: ziba nusu ya mdomo, pima, fungua robo, pima. Pande zote mbili zizibwe sawa. Barabarani na siku ya mvua funika kabisa, kwa sababu maji ya baridi kwenye diski yenye nyuzi 500 ni njia ya haraka ya kuipasua.

Mwinuko nao una kauli yake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa takriban asilimia 16. Gari huenda kwa kasi ile ile, lakini kila lita inayopita kwenye bomba ina uzito mdogo zaidi wa hewa wa kuchukua joto. Formula 1 inapokwenda Mexico City, kwenye mita zaidi ya 2,200, timu hupanua njia za hewa za breki kwa sababu hiyo hiyo. Aliyepata kipimo kizuri Dar es Salaam asikisafirishe kwenda Nairobi kama kilivyo.

Bomba linalovuta hewa huvuta na mengine. Mwezi Machi 2021, kwenye mashindano ya Formula 1 ya Bahrain, Fernando Alonso alilazimika kuliondoa gari lake la Alpine mbioni. Timu ilieleza kwamba karatasi ya kufungia sandwichi ilikuwa imenasa kwenye njia ya hewa ya breki ya nyuma na kuipandisha breki hiyo joto. Mwaka uliofuata, huko Spa, Charles Leclerc aliingia pitini mapema baada ya karatasi ya plastiki inayobanduliwa kwenye kioo cha helmeti kuziba njia ya hewa ya breki yake ya mbele. Kama hayo yanawapata wao, uwanja wenye majani makavu na mifuko ya nailoni hautamwonea huruma mtu. Weka wavu wa waya wenye matundu mapana mdomoni. Utapoteza upepo kidogo, na wavu unahitaji kusafishwa kila gari linaporudi pitini.

Kwa mbio za vumbi mashauri hubadilika. Katika Safari Rally, iliyorejea kwenye ratiba ya mashindano ya dunia mwaka 2021 huko Naivasha, mawe na vumbi laini la feshifeshi ni adui mkubwa kuliko joto la diski. Bomba linalotazama mbele lingekuwa kijiko cha changarawe. Bati la vumbi libaki, na pesa ziende kwenye pedi na mafuta.

Je, breki za nyuma? Kwa gari lenye injini mbele jibu la kawaida ni kwamba hazihitaji. Zinabeba sehemu ndogo, na kuzipoza ni kujitafutia kazi. Ila hesabu hiyo inasimama juu ya mgawanyo wa mzigo, na mgawanyo ukibadilika kila kitu hubadilika. Katika Formula 1, huko Montreal mwaka 2014, magari mawili ya Mercedes yalipoteza mfumo wa umeme unaosaidia kupunguza mwendo kwenye magurudumu ya nyuma. Breki za nyuma, zilizopimwa kwa kudhani msaada huo upo, zikabebeshwa kazi yote. Za Lewis Hamilton zikachemka akatoka mbioni, huku Nico Rosberg akijikokota hadi nafasi ya pili. Kwa mwenye Impreza somo ni la karibu zaidi: ukibadilisha pedi za mbele pekee, kalipa za mbele pekee au kiasi cha msukumo wa breki za nyuma, pima upya joto la ekseli zote mbili.

Mabomba yakishafungwa hayafuti desturi za zamani. Mzunguko wa mwisho uendeshwe taratibu bila kugusa breki isipolazimu. Pitini usivute breki ya mkono wala kuacha mguu kwenye pedali, kwa kuwa pedi iliyobanwa palepale huacha alama kwenye diski yenye moto. Nyufa ndogo ndogo kama nywele kwenye uso wa diski ni za kawaida baada ya siku nyingi za uwanjani. Ufa uliofika ukingoni au kwenye tundu humaliza maisha ya diski hiyo siku hiyo hiyo.

Mwisho, soma kanuni za daraja lako kabla ya kukata bampa. Madaraja ya magari yasiyobadilishwa yanaweza kukataza kabisa kuondoa taa za ukungu au bati la vumbi, na mkaguzi hatajali ni kazi nzuri kiasi gani imefanyika. Kanuni zikiruhusu, fanya ulinganisho wa rangi za joto kabla na baada, na uuhifadhi. Ndio utakaokwambia msimu ujao kama unahitaji bomba kubwa zaidi au pedi nyingine.